Somo Yangu Kiyoshi

Jina langu ni Twahiri. Kwetu Pangani si jina la kushangaza mtu. Maana yake ni aliyetakasika, msafi, na nilipokuwa mdogo mtaani kwetu tulikuwa akina Twahiri watatu, kila mmoja akimwita mwenzake somo. Somo yako ndiye anayeitikia ukiitwa wewe. Ukimtuma mtoto akakuitie Twahiri, lazima umwambie: yule wa kwa fundi seremala, au yule wa mlango wa bluu. Nilikua na habari hiyo masikioni, na bado ilinichukua miaka mingi, na makosa mawili, hadi kuielewa sawasawa.

Nianze na kosa la pili, maana ndilo lililonirudisha kwenye la kwanza.

Mwaka 2006 nilipelekwa Japani kwa mafunzo ya wiki kumi ya kazi za maabara. Tulikuwa watu kutoka nchi mbalimbali, tumelazwa bweni moja nje kidogo ya Tokyo, na kila Jumapili kila mmoja alikaribishwa na familia iliyojitolea kupokea wageni. Mimi nilimwangukia mzee mmoja aliyekuwa akimalizia utumishi wake katika reli. Jina lake la ukoo naliacha kwake. Nyumbani hakuna aliyemwita kwa jina lake mwenyewe: mkewe alimwita Otosan, yaani baba, binti yao vivyo hivyo, na mimi nilifundishwa kutaja jina la ukoo na kulifungia kwa "san". Wala halikunishangaza. Mama yangu aliishi na baba miaka zaidi ya 40 bila kumtaja jina. Alikuwa Baba Twahiri mpaka siku alipomzika.

Jumapili ya kwanza tulikaa kimya tukinywa chai ya kijani, binti yao akitafsiri Kiingereza kidogo. Mzee akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Tanzania. Akaweka kikombe chini, akaninyoshea kidole: "Ikangaa!" Nilijihisi kama niliyekutana na ndugu. Akainuka kabisa, akaonyesha kwa mwili wake jinsi Juma Ikangaa alivyoongoza mbio za marathoni za Fukuoka, Desemba 1983, hadi ndani ya uwanja, na jinsi Toshihiko Seko alivyomkalia mgongoni njia nzima kisha akachomoka mwishoni. Seko saa 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Sekunde 3. Nilikuwa na miaka 13 wakati huo, na nakumbuka baba alivyozitaja sekunde hizo kwa uchungu, kama mtu aliyeibiwa. Na huyu hapa mzee wa Kijapani anazikumbuka vilevile, akimtaja aliyeshindwa kabla ya aliyeshinda. Alinieleza kwamba Wajapani wa umri wake walimpenda Ikangaa kwa sababu hakujificha nyuma ya mtu. Alikimbia mbele, anayetaka amfuate.

Wiki ya nne binti akaninong'oneza kwamba baba yake anatimiza miaka 60. Kwao huo ni umri mkubwa wa kusherehekewa: mzunguko wa kalenda ya kale umekamilika, mtu anahesabiwa kama anazaliwa upya, anavishwa kizibao chekundu kama cha mtoto mchanga. Nikamwuliza, nikimwandalia zawadi, jina lake hasa ni nani? Akasema Kiyoshi. Na maana yake? Akafikiri kidogo, akasema: safi. Asiye na doa.

Moyo uliniruka. Nilimwambia huyo ni somo yangu! Ikabidi nimweleze somo ni nini, naye akamweleza mama yake jikoni, na mama akatoka na mikono yenye unga, akaniinamia kama kwamba ndiyo kwanza tunajuana.

Nilikuwa na kikoi kipya begini, nilichokiweka kwa ajili ya zawadi. Nikaona nikitie jina lake kwa tarizi. Sasa jina la Kijapani halitoshi kulisikia. Lazima ulijue linavyoandikwa. Hilo nililijua kwa juujuu tu. Jumapili ile mzee alitupeleka Shibamata, mtaa wa kale mashariki mwa Tokyo, mahali ambapo mbele ya kituo cha treni imesimama sanamu ya Tora-san, mchuuzi mzururaji wa sinema aliyependwa na Japani nzima. Aliyemwigiza ni Kiyoshi Atsumi, katika filamu 48 kuanzia 1969 hadi 1995, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kwenye duka la vitumbua vya kijani vya unga wa mchele kulikuwa na tangazo la zamani ukutani, na binti akanionyesha jina la mwigizaji yule. Hili hapa, akasema, Kiyoshi. Alikuwa akizungumzia Atsumi. Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Nikatoa daftari, nikainakili ile herufi mstari kwa mstari: 清. Matone matatu ya maji upande wa kushoto, na upande wa kulia alama ya rangi ya bluu. Maji ya bluu, maji maangavu. Nilifurahi kwa jinsi ilivyofaa. Siku ya pili nikampelekea fundi cherehani jirani na bweni letu, akaitarizi kwa uzi mwekundu kwenye pindo la kikoi. Sikumwuliza mtu mwingine.

Siku ya karamu mzee alikifungua kikoi, akakitandaza mapajani, akaipitisha ile herufi kwa kidole gumba. Alishukuru. Akashukuru tena. Wajapani wakishukuru mara ya pili kwa sauti ya chini, chunguza. Mkewe alitazama pembeni. Tulipokuwa tunavaa viatu mlangoni, yule mama aliushika mkono wangu, akaufungua, akaandika kiganjani kwa ncha ya kidole chake: matone matatu ya maji, sawa, kisha upande wa kulia mistari mingi, imesongamana, juu, kati, chini. Akahesabu kwa Kijapani: 15. Yangu ilikuwa na mistari 11. Kiyoshi wake ni 潔. Inasomwa vilevile, maana yake nayo ni usafi, lakini ni usafi wa namna nyingine: wa mtu asiyejitia doa, anayekubali kosa lake bila kuzungukazunguka. Baba yake mzee, akasema binti, alirudi kutoka vitani mwaka 1945, na mtoto alipozaliwa mwaka uliofuata aliichagua herufi hiyo kwa makusudi.

Nilirudi bwenini bila kulala. Wenzangu waliona ni jambo dogo. Lakini mimi nilikuwa nimewahi kuona jina moja linavyoweza kuchanganya watu wawili, na mahali hapo palikuwa si kwenye kikoi.

Ilikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, katika hospitali moja ya wilaya. Msimu wa kuhara damu. Asubuhi moja waliletwa watoto wawili wa kiume, wote wa umri wa kwenda shule, jina la kwanza moja, jina la baba moja. Kwetu hilo ni jambo la kila siku. Waliopewa majina ya Mitume na ya siku za juma wako tele. Mimi ndiye niliyepokea vikopo. Niliandika jina, tarehe, basi. Namba ya usajili sikuandika, umri sikuandika, kijiji sikuandika. Foleni ilikuwa hadi nje na nilikuwa na haraka. Kwenye darubini kikopo kimoja kilikuwa na amiba, wanatembea wazi kabisa na chembe nyekundu za damu tumboni mwao. Kingine hakikuwa na amiba hata mmoja, ila usaha na damu tupu, dalili kwamba mkosaji ni bakteria. Dawa zake ni tofauti. Majibu yakatoka, yakapishana njiani. Mwenye bakteria akapewa dawa ya amiba.

Siku ya tatu homa ilimpanda mpaka akashikwa na degedege. Nesi wa zamu ndiye aliyeshtuka, akarudi maabara na karatasi mbili mkononi, akaniuliza, "Huyu ni yupi?" Nilitazama maandishi yangu mwenyewe na sikuweza kumjibu. Mtoto alibadilishiwa dawa, akapona baada ya wiki mbili. Nilikwenda kumwomba mama yake radhi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kwani mwanangu ndiye peke yake mwenye jina hili?" Sikuwahi kulisahau swali hilo, na usiku ule Tokyo lilirudi kama limeulizwa jana.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa mzee na maneno niliyofundishwa na binti yake, nikapiga magoti nikaomba radhi. Mkewe alikuwa tayari na sindano na mkasi mdogo, anataka kuufumua uzi. Mzee akauzuia mkono wake. Akagusa yale matone matatu kwenye pindo, akasema, "Maji ni yaleyale." Kikoi hakikuguswa.

Kisha alivuta rundo la matangazo ya dukani, yale yanayoingizwa ndani ya gazeti na kuachwa tupu upande mmoja, akachukua kalamu ya wino. Usiku ule nilipata darasa ambalo sikulipata katika wiki zote kumi. Alikuwa anaandika jina, anasema ni nani, anaweka karatasi upande huu au upande ule wa meza. Huku akina 清, kule akina 潔.

Upande wa 清 aliweka Atsumi, na akanieleza kwamba hilo halikuwa hata jina lake la kuzaliwa. Alilichukua kwa ajili ya jukwaa. Aliweka Kiyoshi Itō, mwanahisabati, ambaye magazeti ya Agosti mwaka ule yalikuwa yamejaa habari zake: alikuwa ametunukiwa Tuzo ya Gauss, wa kwanza kabisa duniani kuipata, akiwa na miaka 90 na hali isiyomruhusu kusafiri. Mwaka 1942, akiwa mtumishi wa ofisi ya takwimu ya serikali, alikuwa ameandika kwa Kijapani namna ya kukokotoa mambo yanayobadilika kwa kubahatisha, na leo wanaopanga bei katika masoko ya fedha wanatumia kanuni inayoitwa kwa jina la ukoo wake. Aliweka Kiyoshi Miki, mwanafalsafa, na hapo sauti yake ilishuka. Miki alifia gerezani Septemba 26, 1945. Vita vilikuwa vimekwisha tangu Agosti. Hakuna aliyemfungulia mlango. Mzee alinyamaza kidogo, na mimi sikuwa na la kusema.

Mkewe akaingilia na wake: Kiyoshi Yamashita, aliyekuwa akitembea kwa miguu Japani nzima kwa miaka, anaomba chakula, analala vituoni, halafu akirudi anachana karatasi za rangi vipande vidogo vidogo na kuvibandika hadi picha inatoka, yote kutoka kichwani. Alinionyesha moja kwenye kitabu, fataki za Nagaoka usiku juu ya mto. Ukikitazama kitabu kwa karibu unaona kila cheche ni kipande kilichochanwa kwa ncha ya vidole, na chini, umati wa watu, vichwa visivyohesabika, kila kimoja karatasi yake.

Kisha mzee akanitupia jicho la furaha, akaandika Kiyoshi Nakamura. Huyu ndiye, akasema, aliyemfundisha Seko! Nilikaa sawa. Nakamura alikimbia mita 1,500 kwenye Olimpiki za Berlin 1936, na uzeeni akawa kocha mkali aliyemlea Seko tangu chuo kikuu cha Waseda. Kwa hiyo zile sekunde 3 zilizomuuma baba yangu zilikuwa kazi ya mkono wa Kiyoshi mmoja. Na hakuishia kwa Wajapani. Mwaka uleule wa 1983 kijana Mkenya, Douglas Wakiihuri, alikwenda Japani akajiweka chini ya Nakamura. Mwaka 1985 kocha akafa maji akiwa kwenye uvuvi. Miaka miwili baadaye Wakiihuri alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia Roma, na mwaka 1988 akachukua medali ya fedha Olimpiki za Seoul. Kila nikifikiri juu ya ushindani wetu wa Afrika Mashariki na Wajapani barabarani, nafikiri pia juu ya mzee yule ambaye mwanafunzi wake wa mwisho kung'ara alikuwa mtoto wa kwetu, na hakumwona.

Katikati ya meza, peke yake, aliweka karatasi moja isiyo na zile herufi za Kichina ambazo Wajapani huandikia majina, ila silabi tatu nyepesi: きよし. Kiyoshi Hikawa, mwimbaji, kipenzi cha mkewe, aliyeanza kuimba mwaka 2000. Jina la jukwaani, limeachwa wazi kwa sauti yake tu. Yule mama alitabasamu akaisogeza karatasi ile upande wake.

Upande wa 潔 ulikuwa na watu wachache. Mzee mwenyewe. Kiyoshi Oka, mwanahisabati mwingine, aliyezaliwa 1901, akasoma Ufaransa miaka mitatu, kisha akarudi na kukaa kijijini kwa miaka akipambana karibu peke yake na matatizo ambayo wenzake duniani waliyashindwa. Halafu karatasi ya mwisho. Aliandika herufi mbili za ukoo, kisha ile yenye mistari 15, akaisukuma mbele yangu polepole, akasema, "Huyu ni wako. Wa kazi yako."

Kiyoshi Shiga.

Nilikuwa nimeandika neno Shigella, jina la bakteria wa kuhara damu, mara zisizo na idadi katika rejista, katika mitihani, kwenye vibao vya sahani za kuoteshea bakteria. Nilidhani ni Kilatini. Hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba ndani yake mna mtu. Mwaka 1897 Japani ilipigwa na wimbi la kuhara damu lililogusa zaidi ya watu 90,000, na aliyewahi kumkamata kimelea chenyewe alikuwa daktari wa miaka 26, aliyemaliza chuo mwaka uliotangulia tu. Alichukua sampuli za wagonjwa 36. Alipopata bakteria aliyemshuku, alimchanganya na majimaji ya damu ya wale waliokuwa wanapona, na bakteria wakagandamana, dalili kwamba miili yao ilikwisha kupambana naye. Mwalimu wake, Kitasato, jina kubwa kuliko yote katika fani hiyo nchini kwao, alimwachia aichapishe kazi ile kwa jina lake peke yake. Hilo lilinigusa kuliko ugunduzi wenyewe. Mimi nimefanya kazi chini ya wakubwa, najua jambo hilo lilivyo adimu.

Baadaye Shiga alikwenda Frankfurt kwa Paul Ehrlich, mwanasayansi Mjerumani, na mwaka 1904 wakatoa rangi nyekundu iliyoweza kuua vimelea vya jamii ya malale ndani ya panya, wakati uleule ugonjwa wenyewe ukimaliza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Na miongoni mwa wawili waliokipa kimelea cha kuhara damu jina la Shigella mwaka 1919 ni Aldo Castellani, aliyewaona vimelea vya malale katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa Entebbe. Walichukua jina la ukoo. Jina lake mwenyewe, lile la usafi, wakaliacha.

Wiki ile maabara tulikuwa kwenye zoezi la kumtambua bakteria huyohuyo. Asubuhi unatoa sahani kwenye joto, unaona makoloni, yaani madoa ya bakteria walioota, yamepauka, hayana rangi, juu ya utomvu mgumu wa rangi ya waridi. Unagusa moja kwa kitanzi cha waya, unalikoroga kwenye tone la majimaji yenye kinga juu ya kioo, unakiinua kioo na kukiyumbisha huku na huku kwenye mwanga. Sekunde chache tone ni jeupe sawasawa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Kisha linakatika. Chembechembe zinajitenga na maji, kama maziwa yaliyochachuka. Nimeifanya kazi hiyo tangu ujana, ni kipimo kilekile cha Shiga. Siku ile nilikiyumbisha kioo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikimfikiria mtoto mmoja aliyeshikwa na degedege kwa sababu yangu.

Kabla sijaondoka mzee alinipa karatasi yenye herufi yake, kubwa, ya wino mweusi. Akasema kwa Kiswahili, neno pekee aliloshika: "Somo." Iko ukutani mwangu hadi leo, na kila mwaka mpya binti yao aliniletea kadi yenye salamu zake, mpaka mwaka ilipokuja iliyoandikwa na mkono wa mama peke yake.

Mwezi uliopita tulipokea mwanafunzi wa mazoezi, binti mwepesi, mwenye mwandiko mzuri. Asubuhi ya Jumatatu, foleni hadi nje, aliniletea kikopo kimeandikwa jina na tarehe. Nikakisoma. Nikamwuliza, "Huyu ni yupi?" Akasema, "Shikamoo, baba, si ameandikwa hapo?" Nikamwambia marahaba, mwanangu, nenda mlangoni ukaite.

Akaenda, akaita jina lile kwa sauti. Kwenye benchi wakainuka wanawake wawili.